Dirisha halifungi? Usikimbilie kununua hendo

Hendo ya dirisha ikikatika, wengi wetu tunapita hadiwea, tunanunua inayofanana nayo, fundi anaifunga, na kabla mwaka haujaisha nayo imekatika. Mchezo unarudiwa mpaka mwenye nyumba anachoka, analifunga dirisha kwa waya na halifunguliwi tena. Hilo linaniuma, kwa sababu chumba kisichopata hewa kwenye joto la Mtwara la mwezi wa kumi na mbili ni mateso, na mara nyingi hendo yenyewe haikuwa na kosa. Chenye kosa ni shata, yaani ile sehemu ya dirisha inayofunguka, lililoshuka, reli iliyojaa mchanga, skrubu zilizoliwa na chumvi, au rangi iliyoziba kiungo. Hendo ndiyo tunayoishika, basi nguvu zote zinaishia hapo.

Jaribio la kwanza

Fungua dirisha mpaka shata likae hewani bila kugusa fremu. Sasa zungusha hendo kana kwamba unafunga. Ikizunguka kwa ulaini dirisha likiwa wazi, halafu ikagoma dirisha likirudishwa, hendo ni nzima: ulimi haufiki mahali pake kwa sababu shata limeshuka, limepinda au limevimba. Ikigoma hata dirisha likiwa wazi, tatizo liko kwenye hendo au kwenye mashine iliyofichwa ndani ya shata. Hapo fungua skrubu, toa hendo, izungushe mkononi. Ikiwa laini mkononi, mashine ndiyo ngumu. Ikiwa ngumu mkononi, sasa una sababu ya kutoa pesa.

Kwa dirisha la kuslaidi, jaribio ni la macho. Sukuma shata taratibu mpaka ibaki nafasi ya kidole, kisha tazama ndoano ya loki na kipokeo chake upande wa pili. Vikiwa haviko usawa mmoja, shata limekaa chini au limeinama, na hakuna loki mpya itakayolinyanyua.

Ukifanya kazi hii ghorofani, mwambie mtu akushikie shata, au lifunge kwa kamba kwenye nondo kabla hujalegeza chochote. Upepo wa Shangani, hapa Mtwara, mchana hausubiri umalize.

Ujue dirisha lako kwanza

Mtwara mjini, mji uliopangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 pamoja na bandari yake, bado zipo nyumba nyingi za zamani zenye madirisha ya chuma yanayofungukia nje, yenye hendo fupi ya kuzungusha na stei ya kushikilia shata lisipigwe na upepo. Mikindani na Lindi mjini, kwenye nyumba za mawe na za udongo, utakuta mashata ya mbao yenye komeo au kulabu. Nyumba mpya karibu zote ni aluminiamu ya kuslaidi yenye loki ya umbo la mwezi mchanga. Na zimeingia pia aluminiamu na plastiki za kufungua kama mlango, ambazo hendo yake ina pini ya mraba inayopenya ndani ya shata na kuzungusha mashine. Hizi nne haziazimani vifaa. Muuza duka akikwambia "hii inaingia dirisha lolote", mshukuru, kisha endelea kutafuta.

Hendo imekaza

Kwenye madirisha ya chuma, chanzo kikubwa ni rangi. Kila Idi inapokaribia, au mpangaji mpya anapoingia, dirisha linapakwa rangi na hendo yake ikiwa palepale. Baada ya miaka, kiungo kinachotakiwa kuzunguka kimefunikwa na tabaka juu ya tabaka. Mtu anakisukuma kwa nguvu, anakiona kinasogea kidogo, anaongeza nguvu, na shingo ya hendo inakatika.

Dawa yake ni kuitoa. Hendo nyingi za zamani ni shaba ya njano tupu, nzito, na zikitunzwa hazifi. Ichemshe kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, maji na sabuni ya unga, kwa nusu saa hivi: rangi inalainika na kubanduka kwa brashi ngumu. Fanya hivyo nje, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na usiwaweke watoto karibu. Usiikwangue ikiwa kavu na vumbi lake likasambaa ndani. Safisha pia tundu la kiungo, tia grisi kidogo, rudisha. Ukifika wakati wa kupaka rangi tena, toa hendo kwanza. Ni skrubu mbili tu.

Ikiwa si rangi ni kutu, usipige nyundo. Dondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo ya injini, acha usiku kucha, kisha zungusha mbele na nyuma taratibu. Mafuta ya breki nayo yanalegeza, lakini yanakula rangi ya fremu, kwa hiyo mimi siyapendi hapa. Mafuta ya kula na ya nazi yaache jikoni: baada ya muda yanaganda na kunata, na hendo inakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Kwenye mbao, uliza kwanza huu ni mwezi gani. Mvua zetu za kusini zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, na katika kipindi hicho mbao inakunywa maji na kuvimba. Komeo lililogoma Februari linaweza kupita lenyewe Agosti. Ukimwita seremala apige randa Februari, Agosti utakuwa na mwanya ambao panya wanapita. Subiri kiangazi, ndipo upunguze kidogo na upake rangi kingo zote, hasa ule ukingo wa chini ambao mafundi huuacha mtupu kwa kuwa hauonekani.

Hendo inazunguka bure

Unazungusha, inakwenda, lakini hakuna kinachotokea ndani. Hii ni dalili ya zile zenye pini ya mraba. Pini imekatika, imeteleza, au ni fupi mno haifiki kwenye mashine. Toa hendo na utazame pini. Ikiwa kingo zake za mraba zimekuwa mviringo, au imebaki nusu, hendo ibadilishwe. Ikiwa nzima, iingize peke yake kwenye tundu na uizungushe kwa koleo. Mashine ikijibu, hendo ndiyo mbovu. Pini ikizunguka na mashine haijibu, mashine imekufa, na kubadilisha hendo ni kupoteza nauli ya bodaboda.

Kwenye dirisha la chuma dalili hii haipo kwa namna hiyo. Kule hendo inalegea na kuanguka yenyewe kwa uzito wake. Maana yake kiungo kimelika. Mara nyingi hendo haijalika hata kidogo, ila kile kipini kinachoishikilia ndicho kimekuwa chembamba. Hapa nina ombi kwa ndugu zangu mafundi wa kuchomelea: msiichomelee. Ikichomelewa, siku ikigoma tena hakuna njia ila kukata kwa grenda, na cheche za grenda zikirukia kioo zinajichoma ndani yake na kuacha vidoa ambavyo havisuguliki daima. Toboa kipini cha zamani kwa drili, weka bolti yenye nati iliyo na plastiki ndani, ile isiyojilegeza, na washa (kile kipete bapa cha bolti) kila upande. Kaza mpaka hendo ibaki pale unapoiacha. Ikibidi kutumia grenda, funika kioo chote kwa boksi lililoloweshwa maji.

Hendo inacheza

Hendo inayotikisika mkononi ina skrubu zilizolegea au tundu lililopanuka. Zikaze kwa bisibisi ya mkono. Zisipokaza, usiendelee kuzungusha, tundu limekwisha. Kwenye mbao, jaza tundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya seremala, acha ikauke, kisha toboa upya kwa drili nyembamba. Kwenye mbao ngumu kama mkongo au mninga, skrubu bila tundu la kuitangulia itakatika kichwa. Paka uzi wa skrubu nta ya mshumaa, itaingia bila ugomvi. Ukiwa na skrubu za shaba, pitisha kwanza ya chuma ya ukubwa uleule itengeneze njia, itoe, ndipo uingize ya shaba, maana shaba ni laini.

Kwenye aluminiamu kazi ni nyingine. Ukuta wa fremu ni mwembamba, milimita moja na kitu, kwa hiyo skrubu inashikwa na nyuzi mbili tatu tu. Skrubu nene zaidi inaweza kusaidia mara moja. Ikishindikana, mwambie fundi wa aluminiamu aweke nati ya riveti, inayobanwa ndani ya tundu na kuacha uzi imara wa kupokea bolti. Gharama yake ni ndogo na hendo haitacheza tena.

Ukitoa skrubu na kukuta unga mweupe kuzunguka tundu, huo ni aluminiamu inayoliwa. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, moja inajitoa mhanga kwa ajili ya nyingine, na ikikaa na shaba au stenlesi ni aluminiamu inayoumia. Ndiyo maana hendo nzuri ya shaba isiwekwe kwenye dirisha la aluminiamu la mtu anayeishi karibu na maji. Kwa skrubu za stenlesi hatuna jinsi, zile za chuma cha kawaida zinaoza upesi zaidi. Zipake grisi kwenye uzi na uweke washa ya plastiki chini ya kichwa, ili maji yasiunganishe metali hizo mbili.

Imefunga, lakini dirisha linagonga usiku

Kuanzia mwezi wa nne au wa tano kusi inapoingia, nyumba zinazotazama bahari zinalijua hili. Hendo iko chini, dirisha linaonekana limefungwa, na bado linapiga kelele usiku kucha. Ulimi wa hendo haulivuti shata kwenye fremu.

Kwenye chuma, ulimi unapanda juu ya kibati kilichoinama kidogo, na kibati hicho ndicho kinacholika. Weka kipande chembamba cha bati la shaba au stenlesi juu yake, kishike kwa skrubu ndogo, na shata litabana tena. Kwenye hendo za aluminiamu zenye pua inayoingia nyuma ya fremu, kinachoamua ni urefu kutoka kitako cha hendo hadi chini ya pua. Ukinunua yenye pua iliyo juu kwa milimita tatu kuliko ya zamani, dirisha litagonga. Ukinunua iliyo chini mno, haitapanda kabisa, na mtu atalazimisha mpaka ivunjike. Wengi hawapimi kitu hiki, wanatazama rangi na umbo.

Dirisha linalogonga lisiachwe. Kila pigo linalegeza skrubu, na siku ya dhoruba ndipo linapoachia. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kiliposogelea mpaka wa Tanzania na Msumbiji, watu wa maeneo ya chini Mtwara walitakiwa kuhama. Kikatua upande wa Cabo Delgado. Upepo wa namna ile hauzuiwi na dirisha lililofungwa kwa waya.

Slaidi: loki haishiki

Hapa sitakawia, kwa sababu karibu kila mara jibu liko chini. Fyonza au fagia reli. Mchanga, nywele, mabawa ya kumbikumbi, vyote vimo humo. Chokonoa vitundu vya kutolea maji, maana vikiziba maji ya mvua yanalala kwenye reli na kuozesha magurudumu. Kisha tafuta tundu dogo kwenye ukingo wa shata, karibu na kona ya chini: mara nyingi ndani yake kuna skrubu inayonyanyua gurudumu. Izungushe kidogo kidogo, kona moja halafu nyingine, mpaka loki na kipokeo viwe usawa. Gurudumu likiwa limevunjika, libadilishwe kabla ya loki. Usipake grisi kwenye reli, itakusanya mchanga wote wa uani. Silikoni ya kupuliza inatosha.

Ukishasawazisha na ndoano bado inapita juu au chini ya kipokeo kwa kiasi kidogo, legeza skrubu za kipokeo. Vingi vina matundu marefu ya kuvisogeza.

Imevunjika kweli: nini cha kupima, nini cha kununua

Nenda dukani na hendo ya zamani mkononi. Picha ya simu haitoshi, haina vipimo. Kama haiwezekani kuitoa, andika haya kwa milimita, si kwa inchi: umbali kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya jingine, upana na urefu wa kitako, na kama ina pini, unene wa pini upande mmoja na urefu wake kuanzia kwenye kitako. Kwenye madirisha ya mtindo wa Ulaya, pini huwa na milimita 7 kwa 7, matundu mawili yana umbali wa milimita 43, na bolti ni za milimita 5. Pini ikiwa ndefu unaikata kwa msumeno wa chuma. Ikiwa fupi huna la kufanya.

Kisha upande. Hendo nyingi zina kulia na kushoto, hata loki za mwezi mchanga. Simama ndani ya chumba ukilitazama dirisha, andika bawaba ziko mkono gani na hendo inashuka kuelekea wapi. Nimeona watu wakirudi Mtwara mjini kutoka Tandahimba kwa sababu hiyo peke yake.

Sasa malighafi, na hapa ndipo pwani inapotofautiana na Masasi au Nachingwea. Kule hendo ya bei ya kawaida inaweza kuishi miaka mingi. Huku kwetu chumvi inatua juu ya kila kitu kila usiku. Hendo nyingi zinazong'aa ni aloi ya zinki iliyopakwa utando mwembamba. Utando ukitoboka, zinki inavimba chini yake, inatoa malengelenge, na siku moja shingo inakatika ikionyesha chembechembe za kijivu ndani. Beba sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa, kiache. Isiponasa, geuza hendo na ukwangue kidogo chini ya kitako kwa ruhusa ya mwenye duka: ikitoka njano ni shaba, ikitoka kijivu chini ya njano ni zinki iliyovikwa.

Kwa mbao na chuma, nunua shaba. Kwa aluminiamu, nunua hendo ya aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga ya kuokwa, au stenlesi iliyotengwa na fremu kwa plastiki, kama zile skrubu. Bolti nyingi za stenlesi zina alama kichwani: A2 ni ya kawaida, A4 ina molibidenamu na ndiyo inayostahimili bahari. Kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka maji, Msanga Mkuu kwa mfano, tofauti ya bei ya skrubu nne si kitu cha kufikiria mara mbili.

Kuifunga

Kabla ya kutoa ya zamani, angalia imesimama upande gani, wazi au imefungwa, na mpya iingie ikiwa katika hali hiyohiyo. Ukikosea hapo, dirisha litafunga hendo ikiwa juu. Kwenye zile za pini ya mraba, skrubu zimefichwa chini ya kifuniko kidogo cha kitako: kivute kidogo kwa ukucha, kizungushe robo, zitaonekana. Ingiza skrubu zote mbili kwa kulegea, jaribu hendo, ndipo ukaze moja kidogo na nyingine kidogo. Kwa mkono. Drili inakaza kuliko inavyohitajika na inaharibu uzi wa aluminiamu kwa sekunde moja.

Hendo mpya ikiwa nzito baada ya kufungwa na mkononi ilikuwa laini, legeza skrubu robo mzunguko. Kitako kimebanwa mno kikajikunja. Ikibaki nzito, rudi kwenye lile jaribio la dirisha wazi.

Baada ya hapo, kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi mara moja kwa mwezi, kisha kikavu. Hii inasaidia kuliko mafuta ya aina yoyote. Wakati wa kusi, mara mbili.

Yenye ufunguo, na ufunguo umepotea

Usianze kutoboa. Hendo nyingi za bei ya kawaida zinatumia ufunguo wa aina moja kwa toleo zima, kwa hiyo jaribu kwanza funguo za madirisha mengine ya nyumba, kisha za jirani aliyejengewa na fundi huyohuyo. Ikishindikana, mpelekee muuza duka picha ya uso wa kitundu. Ikiwa lazima kutoboa, toboa katikati ya kitundu ukijua hendo hiyo imekwisha kazi, na uwe umeshanunua nyingine.

Ukipata mpya yenye ufunguo, utundike kwenye msumari ndani ya chumba hichohicho, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaujua, kwa sababu moshi ukiingia usiku hakuna muda wa kutafuta droo. Lakini upime kwa fimbo kwanza. Simama nje, pitisha mti mrefu kwenye nondo, na uhakikishe haufiki kwenye msumari.